Dari inamwaga vumbi, sakafu inavimba, maji mekundu yanatoka: ni tabaka gani linakusumbua?

Watu wanaonitafuta kuhusu migodi ya makaa ya mawe ya chini kwa chini wanaleta matatizo yaleyale sita saba, na karibu wote wanaanza kwa kulaumu boliti (vyuma virefu vinavyopigwa darini kulishikilia jiwe), au matimba, yaani nguzo za miti, yaliletwa mabichi, au fundi wa shifti ya usiku mvivu. Sikatai, wavivu wapo. Ila mara nyingi kilichobadilika ni jiwe lenyewe, mmetembea mita ishirini mbele mkatoka kwenye mwamba mmoja mkaingia kwenye mwingine na hakuna aliyeinua taa kuangalia. Kwa hiyo humu chini tunaanza na jiwe, vyuma baadaye.

Kwanza ujue umezungukwa na nini

Kusini mwa Tanzania makaa yako kwenye miamba ya Karoo, kuanzia Songwe-Kiwira mpaka bonde la Ruhuhu kule Mchuchuma na Ngaka. Hwange ya Zimbabwe na Moatize ya Msumbiji ni ndugu wa damu, wote wa enzi ya Permian, miaka kama milioni 250 hadi 300 iliyopita. Pale Ruhuhu wajiolojia wameyapanga matabaka kuanzia K1 chini kabisa mpaka K8 juu, na makaa yapo K2 na K4. Ngaka wanachimba kwa juu, shimo la wazi, hawana shida ya dari. Kiwira ndiko ilikojulikana kazi ya kuingia chini.

Makaa yalikuwa kinamasi. Kwa hiyo chini yake kuna udongo ambao ile mimea iliota, mfinyanzi wa kijivu, mara nyingi una alama za mizizi ukiuangalia vizuri. Juu yake kuna tope lililofunika kinamasi, sasa hivi ni jiwe tope, jeusi jeusi, linabanduka kama kurasa. Juu zaidi unapata jiwe mchanga, gumu, la mito ya zamani. Mfinyanzi, makaa, jiwe tope, jiwe mchanga, halafu mpangilio unajirudia tena na tena kwenda juu. Ukishika mpangilio huo nusu ya matatizo utayajua ukiwa umesimama hapohapo.

Na uzito usiusahau. Mita 100 za mwamba juu ya kichwa chako ni kama tani 250 kwa kila mita moja ya mraba, na hauondoki ukichimba, unahamia pembeni kwenye nguzo, yaani makaa yaliyoachwa bila kuchimbwa ili yabebe dari.

DALILI: Dari inadondosha vipande, vumbi, au inalia

Hii ndiyo namba moja, haina mpinzani. Sababu nazipanga kuanzia inayotokea sana.

Ya kwanza ni unyevu. Jiwe tope likikaa kwenye hewa yenye unyevu linakunywa maji, linavimba kidogo, likikauka linasinyaa, linavimba tena, mwisho linabanduka karatasi moja moja. Ndo maana mgodi uliokaa kimya kiangazi chote unaanza kudondoka masika, feni inavuta hewa ya joto yenye maji kutoka nje, inakuta jiwe la baridi ndani, dari inatoka jasho. Ukiona vipande ni vyembamba, bapa, na vinadondoka zaidi karibu na njia ya kuingizia hewa, usitafute mchawi. Tiba yake ni wavu kwenye dari na kupaka saruji ya kupuliza mapema, kabla jiwe halijazoea hewa. Ukipaka miezi sita baadaye unapaka juu ya maganda yaliyokwishaachia.

Ya pili, boliti fupi. Boliti kazi yake ni kushona karatasi nyingi ziwe kitu kimoja nene, au kuzining'iniza kwenye jiwe mchanga lililo juu. Sasa kama jiwe tope lilikuwa na unene wa mita moja ukatumia boliti ya mita moja na nusu sawa, ila mbele huko jiwe tope limenenepa mpaka mita mbili na boliti ni ileile, umeshona karatasi na karatasi, na zote zinaweza kuja chini na boliti zake zikiwa nzima kabisa, hata nati haijalegea. Watu wanaona boliti nzima kwenye kifusi wanasema "boliti hazikuwa tatizo". Kaka, hapo ndo penyewe.

Kuna njia rahisi ya kujua, anayetoboa tayari anayo mkononi ila hatazami: unga unaotoka kwenye tundu. Ukiwa kwenye jiwe tope unga ni wa kijivu giza, laini, ukiubana kati ya vidole unateleza kama poda ya mtoto, na kama mnatoboa kwa maji unakuwa tope zito. Ukigusa jiwe mchanga rangi inafifia kuwa nyeupe nyeupe, unakwaruza vidole, na mashine inabadilisha sauti, inapanda, mtoboaji anausikia mpaka kwenye viwiko. Hesabu hapo umeshaingia kiasi gani. Kila mita kumi za njia toboa tundu moja refu kuliko kawaida, andika jiwe mchanga limeanzia wapi. Daftari la shilingi elfu moja tu, na limewahi kuniokoa mara mbili.

Ya tatu ni ukingo wa mto wa zamani. Mto ulipita juu ya kinamasi ukakata tope, ukajaza mchanga. Pale mchanga unapokutana na tope, uzito ulivyobana yale matabaka miaka yote hiyo viliteleza kimoja juu ya kingine, unaona nyuso laini zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Jiwe lenye uso huo halijashikana na chochote. Ukiona dari inang'aa kwa mshazari ongeza boliti kabla hujasogea, na zipige kwa pembe zivuke ule uso, usizipige sambamba nao.

Ya nne, nguvu ya kusukuma kutoka pembeni. Mwamba haubanwi kutoka juu tu. Dalili yake haifichiki: dari inavunjika kona moja tu, kushoto au kulia, mstari mrefu unaofuata ukuta, na njia zinazokwenda upande mmoja zinaharibika wakati zile zinazozikata ziko salama. Hapo hata uongeze boliti maradufu unapoteza hela, cha kufanya ni kubadilisha mwelekeo wa njia kuu ziende sambamba na ile nguvu, na huo ni uamuzi wa mhandisi wa miamba.

Ya tano ni visiki. Inatokea mara chache ila ndiyo naiogopa kuliko zote. Mti ulikufa umesimama, tope likauzunguka, ndani ukaoza ukajaa mchanga, ukawa jiwe la umbo la ndoo iliyopinduliwa, mzito huko juu, na umezungukwa na utando mwembamba wa makaa usioshika kitu. Kwenye dari unaona duara tu, kama mfuniko wa sufuria, pembeni pana mstari mweusi. Haulii, haumwagi vumbi, unashuka. Ukiona duara lizungushie boliti na bamba la chuma leoleo.

*Cha kuangalia kwanza, hakina gharama:* chukua mtaimbo mrefu, simama chini ya dari ambayo tayari ina nguzo au boliti, piga mbele yako kwa mshazari, usipige juu ya kichwa chako. Jiwe zima linajibu kama kengele, linalia juu. Lililoachia linajibu kama ngoma iliyolowa, *bu*. Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi wa matimba, alikuwa anaegemeza vidole vya mkono wa kushoto darini huku wa kulia unapiga, maana kipande kikubwa sana kinaweza kulia kama kizima lakini vidole vinasikia kinatetemeka. Mimi kijana wa chuo nilimcheka. Siku moja alipiga pale tulipokuwa tunakula, sauti ikatoka nzuri kabisa, akaacha mkono darini muda, akasema "chukueni masufuria yenu." Tulihama tukinung'unika. Kipande hakikuanguka siku hiyo wala kesho yake, kilianguka siku ya nne, urefu wake kama meza ya watu kumi.

SIMAMA, TOKA: sahani za boliti zimeanza kupinda mbili tatu mfululizo, matimba yanapasuka kwa sauti, vumbi linashuka mfululizo bila mtu kugusa, au ufa uliouwekea alama ya chaki asubuhi umefunguka jioni. Usiweke nguzo "moja tu ya haraka". Ziba njia kwa mti wa kukatiza, andika hatari, ita mhandisi. Na kifusi kikishaanguka usiingie kukitoa ukiwa chini ya shimo lililoachwa wazi, wengi wanaumia kwenye anguko la pili.

DALILI: Sakafu inavimba, reli zinapinda, mkanda wa kubebea makaa unagusa chini

Karibu mara zote ni ule mfinyanzi wa chini ya makaa umekunywa maji. Kipimo cha kwanza ni cha jikoni: chukua kipande cha sakafu kikavu, kitumbukize kwenye kikombe cha maji, nenda kanywe chai yako. Ukirudi ukakuta kipande kiko vilevile, tatizo si mfinyanzi. Ukikuta kimekuwa uji, umeshapata jibu.

Sababu inayofuata ni nguzo nyembamba. Nguzo inabeba mzigo halafu inazama kwenye sakafu laini kama kisigino kirefu kwenye kiwanja cha mpira masika, na udongo unaokimbia chini yake unatokea katikati ya njia. Utajua kwa sababu uvimbe uko katikati, una ufa mrefu mgongoni.

Tiba rahisi ni kuondoa maji, mifereji pembeni na pampu ifanye kazi hata siku ya mapumziko. Ya kati ni kuacha unene kidogo wa makaa chini kama sakafu, bosi atalia kwamba unaacha hela chini, mwache alie. Kinachofanyika sana na ni kosa ni kukwangua uvimbe kila wiki: unapunguza uzito unaoushikilia chini na wenyewe unazidi kupanda. Kama nguzo zinazama usijaribu kitu peke yako, hilo ni suala la mgodi mzima, kwa sababu nguzo moja ikiacha mzigo jirani zake wanaupokea.

Hesabu ndogo hapa. Njia za mita 6, nguzo za mita 12 kwa 12. Kila nguzo inabeba eneo la mita 18 kwa 18, yaani 324, ikiwa na mita za mraba 144 tu. Kwenye kina cha mita 100 zile tani 250 zinakuwa kama 560 kwa mita ya mraba. Ukizinyoa nguzo mita moja kila upande zinabaki 10 kwa 10, mzigo unapita tani 800. Na ukichimba makaa ya darini nguzo inarefuka, na nguzo ndefu nyembamba ni dhaifu kuliko fupi nene. Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960, walikuwa wameongeza urefu hivyohivyo, nguzo zikaporomoka mfululizo kama zimeambiana, watu 435 wakabaki chini. Kanuni za kupima nguzo ambazo migodi mingi inazitumia leo zilitokana na utafiti uliofuata baada ya hapo.

DALILI: Kuta zinamwagika, au zinapiga kishindo

Kama ni kumwagika tu, vipande kama miche ya sabuni vinalala chini ya ukuta, angalia nyufa ndogo za asili za makaa. Makaa yana mpasuko wake, kama ukuni ulivyo na uzi, na njia ikienda sambamba nao ukuta unabanduka mabamba kwa mabamba. Geuza njia ikate mpasuko kwa pembe, au funga ukuta kwa boliti na wavu. Kama makaa yako yana utando wa jiwe tope katikati, ule utando unaoza kwanza na makaa ya juu yanabaki yananing'inia, kwa hiyo yaangushe kwa mtaimbo mwanzoni mwa kila shifti.

Vishindo ni habari nyingine kabisa. Kina kikiwa kirefu, na juu na chini kuna jiwe gumu lisilotaka kupinda, nguvu inajilimbikiza kwenye nguzo mpaka inalipuka, makaa yanarushwa kama risasi. Crandall Canyon, Utah, Agosti 2007: nguzo zililipuka wakafukiwa watu 6, siku kumi baadaye zikalipuka tena zikaua waokoaji 3. Ukianza kusikia vishindo ukutani hakuna hatua ya fundi hapa. Ondoa watu.

DALILI: Makaa yameisha ghafla, mbele ni jiwe tupu

Hii mara nyingi haiui, inaua bajeti tu, na ndiyo inayonifurahisha kuieleza.

Angalia mpaka wenyewe. Kama ni mpasuko uliohamisha matabaka utaona mstari mnyoofu ulioinama, wenye udongo uliosagika au uso unaong'aa. Kwenye Karoo yetu mipasuko mingi ni ya kuvutwa, ardhi ilitanuliwa, kwa hiyo kipande kinacholalia mpasuko ndicho kilichoshuka. Ukiwa umeuelekea: kama mpasuko umeugusa kwanza darini na unashuka kwenda mbele, kukukimbia, makaa yako chini. Kama umeugusa kwanza sakafuni na unapanda kwenda mbele, makaa yako juu. Ushahidi wa pili ni mkunjo, matabaka ya upande wako karibu na mpasuko yanapinda kidogo kufuata kule wenzao walikokwenda, yakipinda chini tafuta chini. Vyote viwili vikikubaliana toboa tundu la kupima upande huo. Visipokubaliana mwite mjiolojia kabla hujachimba mita arobaini za mawe, kuna watu wamefanya hivyo na makaa yalikuwa mita tatu juu ya kichwa chao.

Kama mpaka ni wa mawimbi mawimbi na mbele ni jiwe mchanga lenye kokoto chini yake, huo ni mto, ulikula makaa. Hayakuhamia popote. Unavuka au unazunguka.

Kama makaa yanapoteza mng'ao polepole, yanakuwa ya kijivu, yana matundu madogo na nyufa kama tofali lililoungua, halafu unakuta ukuta wa jiwe jeusi gumu umesimama wima, hiyo ni daiki, mwamba ulioyeyuka ulipanda hapo ukayapika makaa. Kwenye makaa ya Afrika Kusini zimejaa. Usiitoboe kwa haraka, upande wa pili mara nyingi kuna maji au gesi iliyozuiwa, na ukuta wenyewe ndio ulikuwa bwawa.

DALILI: Maji

Matone meupe ya kawaida kutoka kwenye boliti ni maji ya jiwe mchanga, yamekaa kwenye vinyweleo vyake na umeyafungulia mlango. Pima kwa ndoo na saa ya mkononi kila siku sehemu ileile (simu ya kawaida usiishushe kwenye mgodi wenye gesi). Yakipungua baada ya wiki mbili sawa. Yakiongezeka na mvua kuna ufa unafika juu.

Maji mekundu au ya njano ya kutu, yenye harufu ya yai bovu, au mbele palipokuwa pakavu panatoka jasho la baridi: hapo simama. Maji hayo yamekaa na makaa yenye salfa na chuma muda mrefu, na pa kukaa mara nyingi ni sehemu moja, machimbo ya zamani. Lofthouse, Yorkshire, Machi 1973, walivunja kuingia kwenye machimbo ya karne iliyotangulia, 7 wakafa. Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, ramani waliyokuwa nayo ya mgodi jirani haikuwa ya mwisho, wanaume 9 wakanaswa chini siku tatu, bahati nzuri walitolewa wote. Ramani ya zamani ichukulie kama maneno ya shahidi, anaweza kuwa mkweli na bado hakuona kila kitu. Kutoboa mbele kunafanywa na watu wenye valvu ya kufungia tundu, na ruhusa ya mhandisi, na njia ya kukimbilia ikiwa wazi.

DALILI: Kichwa kinauma, kipima gesi kinalia, kunanuka mafuta ya taa

Nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna cha kutengeneza hapa. Methani inalipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na ni nyepesi, kwa hiyo pima darini, hasa kwenye mashimo ya dari iliyoanguka. Kaboni dayoksaidi nzito iko miguuni. Gesi ikiongezeka ghafla karibu na mpasuko, ni mpasuko unapumua. Ukisikia harufu kama mafuta ya taa au lami, kuta zinatoka jasho la moto na kuna ukungu mwembamba, makaa yaliyoachwa nyuma yanajichoma yenyewe, na kaboni monoksaidi hainuki. Usifungue ukuta uliozibwa "kuchungulia". Hwange mwaka 1972, kwenye makaa ya Karoo kama haya yetu, milipuko iliua zaidi ya watu 420. Toka kwa njia ya hewa safi, toa taarifa, uokoaji uachie kikosi chenye mitungi ya hewa.

DALILI: Juu kijijini, nyumba zina nyufa, kisima kimekauka

Kwanza angalia kama nyufa ni za mfinyanzi wa shambani, hizo zinafunguka kiangazi na kujifunga masika. Za mgodi hazijifungi, zinakwenda mstari au duara, na upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima kati yake kila Jumamosi kwa rula, andika. Kisima nacho pima kina cha maji kwa kamba na jiwe. Ukiwa na wiki sita za namba nenda nazo ofisi ya Afisa Madini Mkazi, ukienda na malalamiko matupu utarudishwa. Watoto na mifugo wasikae karibu na shimo jipya lililojifungua, maana linaloonekana juu kama beseni chini yake linaweza kuwa na tumbo la nyumba nzima, na usilijaze kifusi kabla hajaja mtu kulipima.